Mwalimu Gervas Ndahani na Penalti ya Itigi

Baba Paroko, Mwenyekiti wa Kijiji, walimu wastaafu, watani, majirani wa Kintinku na ndugu wote mliofika kwenye turubai hili, mimi ni Simeoni Ndahani, mdogo wa marehemu, na familia imenipa tena kazi ya kusoma, nasema tena kwa kuwa hii ni historia ya nne ninayoisoma ndani ya miaka mitatu, na sitawaficha kwamba nimechoka kusoma karatasi za ndugu zangu. Lakini kazi ya msiba haikataliwi, kwa hiyo nitasoma, na nikisimama kidogo katikati mnivumilie.

Marehemu Mwalimu Gervas Ndahani alizaliwa tarehe 14 Machi 1959 hapa hapa Kintinku, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Joshua Ndahani na Mama Perusi, wakulima wa uwele na wafugaji, alibatizwa mwaka huo huo, akachunga mbuzi na baadaye ng'ombe, akaanza darasa la kwanza mwaka 1967 na kumaliza la saba mwaka 1973, kisha akachaguliwa kwenda sekondari Dodoma, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1977. Miaka miwili iliyofuata alikuwa kibarua wa reli, akibeba mataruma pamoja na baba mdogo, hadi Januari 1980 alipopata nafasi katika Chuo cha Ualimu Sasilo, chuo ambacho vijana hamkijui kwa sababu kilifungwa zamani na mabweni yake sasa ni maghala ya alizeti.

Hapo chuoni ndipo alipoanza kudaka mpira, maana alikuwa na mikono mirefu na hakuogopa kuanguka kwenye changarawe, na msimu wa mwaka 1981 ndio uliogeuza maisha yake yote, ndiyo maana familia imeamua tusimame hapo, hata kama baadhi yenu mngependa tupite haraka. Mwaka ule kila kitu kilikuwa cha shida, sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, timu nzima ilikuwa na jozi nane za viatu, anayetoka anamvulia anayeingia, na mpira ulikuwa mmoja, uliokuwa ukishonwa na fundi viatu wa stesheni kila baada ya mechi. Walisafiri kwa treni ya mizigo, kwenye behewa la gadi, wakila viazi vitamu vya kuchemsha, na pamoja na dhiki hiyo kabla ya fainali walicheza mechi saba za vyuo vya kanda, wakashinda sita na kutoka sare moja, na kaka yangu akafungwa mabao mawili tu. Mkuu wa chuo aliahidi ng'ombe mzima endapo kombe lingeshuka stesheni ya Manyoni.

Fainali ilichezwa Jumamosi tarehe 17 Oktoba 1981 pale Itigi, dhidi ya chuo kimoja cha upande wa Tabora, na hadi dakika ya themanini na moja ilikuwa bila kwa bila, ndipo beki mmoja wa Sasilo alipomwangusha mshambuliaji ndani ya kumi na nane na mwamuzi akaweka penalti. Aliyekuja kupiga ni Mnyamwezi anayeitwa Sixbert Mihayo, na kabla ya kuweka mpira chini alimsogelea kaka pale golini, wakasemezana, wakacheka wote wawili, na uwanja mzima ukawaona. Alichomwambia ni hiki: “Wewe Mgogo, nakupigia kulia kwako, usije ukasema mtani wako hakukwambia.”

Hapa niwaeleze vijana, maana nyinyi mkisikia utani mnadhani ni matusi ya kwenye simu. Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za mababu waliopita hapa na mizigo kichwani, na mtani hasemi kweli kwa mtani wake, akikwambia kula ujue chakula kimekwisha, akikwambia umependeza nenda kajitazame. Kwa hiyo kaka alifanya kama alivyolelewa, akaruka kushoto kwa nguvu zake zote, na Sixbert akapiga kulia, taratibu, kama mtu anayemrudishia mtoto mpira. Mechi ikaisha moja kwa bila.

Ndani ya behewa la gadi hakuna aliyekaa karibu naye, na Jumatatu asubuhi, mstarini, nahodha wa timu, ambaye jina lake sikuliandika kwa heshima ya msiba huu, alisema mbele ya chuo kizima kwamba kipa ameuza mechi, kwamba wote walimwona akipatana na mpinzani, na kwamba alikuwa amepewa debe la asali ya Tabora. Debe hilo halikuonwa na mtu yeyote, bwenini wala nyumbani kwetu, na mama alituapia hivyo hadi anakufa, lakini neno likishatoka halina breki. Kaka alieleza, akaeleza tena, wakamcheka, wakamuuliza mpigaji gani duniani anamwambia kipa ukweli. Alimaliza chuo Desemba 1981 akiwa amefaulu vizuri, akaondoka bila mtu wa kumsindikiza.

Alianza kazi Januari 1982 katika shule ya msingi ya kijiji karibu na Ilongero, na jina lilikuwa limefika kabla yake, maana walimu wa mkoa huu wote wanajuana, wakamwita Mwalimu Debe, na ninyi mlio hapa mkiwa na mvi wengi mlimwita hivyo hivyo, wengine bila kujua limetoka wapi. Alifundisha hesabu miaka thelathini na saba katika shule tano za wilaya za Singida na Manyoni, akawa mwalimu mkuu kwa miaka kumi na mmoja, na alistaafu Machi 2019. Katika miaka yote hiyo hakukanyaga uwanja wa mpira, kila zamu ya michezo alibadilishana na mwenzake kwa zamu ya kusimamia bustani, na mwanae alipochaguliwa kuchezea timu ya wilaya alimnunulia viatu vipya, akamwombea, akabaki nyumbani. Jambo hili liliniuma mimi kuliko nilivyowahi kumwambia.

Tarehe 24 Agosti 1985 alifunga ndoa na Yasinta katika Parokia ya Manyoni, baada ya baba mkwe kuwatuma wazee mara mbili kuulizia habari za asali, na Mungu akawajalia watoto wanne, Dina, Christopher, Anastazia aliyetutoka akiwa na miaka sita, na Joshua, pamoja na wajukuu tisa. Shemeji Yasinta, wewe ulimwamini siku ya kwanza alipokusimulia, na naomba leo nikwambie mbele ya watu kwamba sisi ndugu zake wengine tulichelewa, hata mimi nilichelewa, kuna miaka nilijiuliza kimoyomoyo kama kweli alikula.

Kisukari kilimwanza mwaka 2011, mwaka 2022 alikatwa vidole viwili vya mguu, na kuanzia Novemba mwaka jana figo zilishindwa, akawa anapelekwa Dodoma mara mbili kwa wiki. Ni wakati huo alipomwomba binti yake Dina amtafutie Sixbert Mihayo popote alipo, akisema, “Aje aseme mwenyewe, mimi nimesema hadi mate yamekauka.” Dina alimpata mwezi Aprili kupitia kundi la simu la walimu wastaafu, mzee yuko Rungwa anafuga nyuki, mtandao unapatikana akipanda kilimani, na ndipo kwa mara ya kwanza Mzee Sixbert akasikia kwamba utani wake ulizaa kesi. Aliahidi kuja akishamaliza kurina asali. Kaka alikuwa akiulizia basi la Itigi kila siku, na Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa mbili asubuhi, alifariki akiwa na miaka sitini na sita.

Mzee Sixbert alifika Alhamisi. Wengi mlikuwepo, lakini niandike ili ibaki. Alishuka na debe la asali begani, akapita katikati ya waombolezaji, akalitua mlangoni na kufoka kimtani, “Yuko wapi huyo Mgogo mbishi, nimemletea debe lake, nilimwambia ukweli mara moja tu maishani na akakataa kunisikiliza!” Watu wakaanza kucheka, kama inavyotakiwa mtani akiingia, halafu akashindwa kuendelea, akakaa chini pale pale karibu na debe na kulia. Alipotulia alieleza yote, hatua kwa hatua, alivyomwambia upande wa kweli akijua Mgogo hataamini, na alivyocheka njia nzima hadi Tabora, na waliokuwa wakimsikiliza ni pamoja na wachezaji wanne wa Sasilo waliobaki hai, ambao wako hapa mbele yangu kwenye benchi la pili.

Niweke shukrani hapa. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Dodoma, hasa wa chumba cha kusafisha damu, majirani mliolima shamba la mgonjwa bila kuitwa, walimu wenzake, jumuiya ndogondogo, watani mliochimba kaburi huku mkililalamikia kwamba ni refu mno, na akina mama mnaopika tangu Jumanne, poleni sana, nanyi mmechoka.

Kwa desturi, karatasi hii hupitiwa na wazee kabla haijasomwa, na leo asubuhi niliwapa. Mwalimu Urbano Hango, aliyekuwa nahodha, aliisoma mara mbili, akaniomba kalamu, nami nikadhani anataka kufuta. Hakufuta neno. Aliandika chini yake, akanitaka niahidi kwamba nitasoma yote, na ninasoma kama alivyoandika: “Mimi Urbano Hango ndiye niliyesema Gervas ameuza mechi, na wala sikuwa na ushahidi. Beki aliyecheza rafu ile nilikuwa mimi. Nilihitaji atafutwe mtu mwingine wa kulaumiwa kabla sijaulizwa, na kwa miaka arobaini na mitatu hakuna aliyeniuliza.”

Kaka, nimemaliza, na umesikia. Lala sasa.