Magari Matano ya Mwalimu Lwitiko

Benchi la Mama Leah liko Mpemba, kando ya barabara kuu, pale malori yanapojipanga kungoja kuvuka mpaka kwenda Zambia. Kuna jiko la mkaa, birika la kahawa ya Mbozi, na wenyewe: Danieli, mzee wa kanisa tunayemwita Aya; Aliko Tela, fundi wa matairi; na Ambakisye, aliyezeeka akiandika karatasi za mizigo, ndiyo maana anaitwa Mhuri. Jumamosi ile alikuwepo pia Lwitiko, kijana wetu anayefundisha chuo kikuu. Magotini aliweka karatasi ya mtihani na kalamu nyekundu.

— Mwalimu, mbona kahawa inapoa? aliuliza Aliko.

— Kuna mwanafunzi mmoja, kaka. Nafundisha namna ya kupanga taarifa ndani ya kompyuta. Amepungukiwa alama tatu. Asipozipata, anarudia somo mwaka mzima, wenzake wakihitimu. Matokeo nayatuma leo saa sita.

— Amekosa wapi?

— Swali la foleni. Nimempa sifuri, lakini moyo umekataa kutulia.

— Foleni! Mhuri aliyatazama malori. Basi umefika penyewe. Lisome.

— "Magari matano, A, B, C, D na E, yamefika mpakani kwa mpangilio huo. Lipi litavuka la kwanza?"

— Yeye alijibuje?

— Jibuni ninyi kwanza.

— E, alisema Aya. Imeandikwa, wa mwisho watakuwa wa kwanza.

— Hiyo ni mbinguni, mzee, alisema Lwitiko.

— Kwani huko wataingia bila foleni?

Aliko alitikisa kichwa.

— Ni C. A na B yamekaa mno, matairi yamelala. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Anayewahi foleni anawahi pancha.

— Hamjui kitu, alisema Mhuri. Gari halivuki. Inayovuka ni karatasi, gari linaifuata tu. Jibu ni F.

— F haipo, mzee.

— Ndiyo maana karatasi zake hazina kasoro.

Lwitiko alishusha pumzi.

— Wazee wangu, jibu ni A. Aliyetangulia kuingia hutangulia kutoka. Foleni ni hiyo tu.

— Leo nani alitangulia kufika hapa? Mama Leah aliuliza, akipuliza mkaa.

— Mimi, mama.

— Na kahawa nilimpa nani kwanza?

— Mzee Aya.

— Haya.

Hapo akaja Watson, dereva wa Kizambia, kikombe chake mkononi. Lori lake lilikuwa kwenye foleni ileile tangu Alhamisi.

— Mulishani, bakalamba, aliwasalimia wazee kwa Kibemba.

— Bwino, Watson. Keti umsaidie mwalimu, alisema Aliko, akamsomea swali lote, herufi kwa herufi.

Watson alimiminiwa kahawa. Akaonja.

— Hizo gari zimebeba nini?

Aya alimtazama Mhuri. Mhuri alilitazama birika.

— Haijaandikwa, alisema Lwitiko.

— Sasa nitajuaje? Mimi nina mbao, nipo hapa siku ya tatu. Mwenye samaki wabichi kanipita asubuhi, tena mimi ndiye niliyesogea apite.

Lwitiko akaigeuza karatasi tuione. Chini ya swali, kwa mwandiko mdogo wa mtu anayeogopa kusumbua, mwanafunzi alikuwa ameandika: "Mwalimu, yamebeba nini?" Pembeni palikuwa na sifuri kubwa.

— Nilidhani ananidhihaki, alisema.

Mama Leah aliinamisha birika. Yakatoka matone mawili. Hakuna aliyelalamika.

Lwitiko alifungua kalamu. Alijaribu kuigeuza ile sifuri iwe tatu, ikakataa. Akaikata, akaandika tatu juu yake.

— Swali zima lina alama ngapi? aliuliza Mhuri.

— Nne.

— Na hiyo moja umeibakiza ya nini?

— Hakujibu swali, mzee.

— Na wewe, la kwake umelijibu? aliuliza Watson.

Lakini lori la mbele yake lilikuwa limesogea hatua kumi. Aliweka kikombe chini na kukimbia, kabla hajajibiwa.