Uzi Mwekundu wa Mama Hakitupwi

Wasikilizaji wapendwa, kama una kitu mkononi unachotaka kukitupa, kishike kwanza. Kishike mpaka nimalize. Ukishanisikiliza na bado unataka kukitupa, tupa tu, sitakuuliza.

Leo tunamkumbuka dobi. Dobi wa hospitali. Alifua mashuka ya wagonjwa kwa miaka ishirini na tisa. Kisha akafagia korido za hospitali hiyohiyo kwa miaka mitano, na kwa nini alitolewa kwenye kufua akapewa ufagio, tutafika huko. Alifariki mwezi uliopita akiwa na miaka sabini na mmoja. Kazini walimwita Mama Hakitupwi, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila jambo. Kikapu kimetoboka? Hakitupwi. Kiti kimevunjika mguu? Hakitupwi. Kipande cha sabuni kimebaki chembamba kama ukucha? Hakitupwi hicho, lete hapa. Shemeji yake ameniambia kwamba marehemu mume wa Mama Hakitupwi alikuwa akilalamika kwa utani, anasema, "Mimi naogopa kuzeeka humu ndani. Nikichakaa, huyu atanigeuza pazia."

Wiki tatu zilizopita nilipokea barua kutoka kwa binti yake. Binti huyu ni fundi bomba, na mwandiko wake ni wa mtu aliyezoea kuandika juu ya goti. Barua yenyewe ilikuwa fupi. Nawasomea: "Mama yangu amekufa akiamini kwamba watu wanamwona mwizi. Siku zake za mwisho alilirudia neno moja, mwanangu, mimi sikuiba. Naomba mtu aliseme hilo mahali ambapo wengi watasikia."

Ndugu msikilizaji, mimi barua za kusifu marehemu ninazo kabati zima. Kila marehemu alikuwa mcheshi, kila marehemu alipenda watu. Hii haikuomba sifa. Iliomba jina la mtu lisafishwe. Nikaona siwezi kukaa hapa kwenye kiti changu nikasoma tu. Nikaenda hospitali, kwenye chumba cha kufulia.

Ni chumba cha nyuma, dari yake ya chini, kuta zimelowa mvuke mpaka rangi inabanduka. Kuna mabeseni matatu ya saruji, pipa la kuchemshia, meza ndefu ya pasi, na dirishani cherehani ya mkono ambayo sasa imewekewa chungu cha maua. Nilimkuta mpiga pasi aliyefanya naye kazi tangu ujana wao. Yule mama hakuacha kupiga pasi hata nilipomwekea kinasa sauti karibu na mdomo. Alinieleza huku akikunja.

Kwanza alinionyesha mpira wa maji. Unatoka kwenye beseni la mwisho, la kusuuzia, unapita kwenye tundu la ukutani, unakwenda hadi kwenye miti mitatu iliyo karibu na geti. Mama Hakitupwi aliona maji ya suuza ya mwisho ni karibu safi, na kila siku yanamwagwa mtaroni. Akaokota vipande vya mipira mibovu, akaviunganisha kwa vitambaa na kamba. Miti ile aliipanda mwenyewe. Leo watu wanaosubiri saa ya kuwaona wagonjwa wao wanakaa kwenye kivuli chake, na hawajui kwamba kivuli hicho kimenyweshwa maji ya mashuka. Binti yake alikuwa akija hapo baada ya shule kushika viungo vya mipira visivuje. Ndiyo, huyo ndiye fundi bomba wetu.

Vile vipande vya sabuni aliviyeyusha kwenye sufuria kuukuu, akavikata upya, akavipanga kando ya bomba la nje. Ndugu za wagonjwa waliotoka mbali waliogea sabuni hiyo, walifulia nguo zao. Hakuweka kibao cha kusema nani ameiweka. Sabuni ilikuwepo tu.

Sasa tuje kwenye mashuka. Hapa naomba utulivu, kwa sababu kesi yote iko hapa.

Shuka la hospitali likichakaa, madobi hulishonea uzi mwekundu kwenye pembe. Wao huliita shuka lililostaafu. Uzi mwekundu maana yake ni moja: hili halirudi kitandani, hili linakwenda kwenye tanuri kuchomwa. Narudia, uzi mwekundu kwenye pembe, shuka linachomwa. Ndiyo ilikuwa kanuni.

Lakini shuka huchakaa katikati, pale mgonjwa anapolala. Pembeni linabaki zima, tena laini kwa kufuliwa mara mia. Mama Hakitupwi alishindwa kuutazama moto ukila vitambaa vizima. Mashuka ya wodi ya magonjwa ya kuambukiza hakuyagusa, hayo aliyafunga mwenyewe yakaenda motoni. Yale mengine aliyachemsha, akakata upande mzuri, akakunja pindo kwa cherehani ile ya dirishani. Akatoa vitambaa vya kumpokelea mtoto.

Maana wodi ya wazazi ilikuwa hatua chache kutoka pale. Na kila wiki alikuwepo mama aliyeshikwa na uchungu njiani, akafika hospitali na mkoba wa begani tu. Mtoto anazaliwa, hakuna cha kumfunga. Asubuhi mama huyo akiamka anakuta kitambaa kimekunjwa miguuni pa kitanda. Wakati mwingine aliyekileta alikuwa bado yupo mlangoni, na aliwaambia wote neno lilelile: "Ukimaliza nacho, mpe mwenzio." Basi, ameondoka. Wengine tunausema huu msemo wa tenda wema nenda zako. Yeye alikwenda zake kweli, kulikuwa na mashuka yanamngoja.

Na kila kitambaa alikibakishia ile pembe yenye uzi mwekundu. Kila kimoja. Mpiga pasi alimwonya, akamwambia, dada, ukate huo uzi, siku moja utakutia matatani. Akakataa. Alitaka yeyote atakayekiona ajue kwamba kimekatwa kwenye shuka lililostaafu, wala si kwenye shuka zima. Niambieni wapendwa, mwizi gani huyo anayeshona ushahidi kwenye kila anachoiba?

Miaka kumi na sita iliyopita, mlinzi wa geti alimwona mama mmoja akitoka na mtoto mchanga. Kwenye pembe ya kitambaa aliona uzi mwekundu. Mlinzi aliijua alama ya hospitali. Hakuwa na moyo wa kumvua mtoto, akamwacha mama aende, lakini aliripoti. Siku ya pili msimamizi wa stoo alikuja chumba cha kufulia, akauliza nani anakata mashuka. Mama Hakitupwi akasema, "Ni mimi."

Alipewa barua ya onyo. Barua ilitumia neno wizi. Akatolewa chumba cha kufulia, akapewa ufagio na korido za ghorofa mbili. Wenzake walipomwonea huruma aliwatania, akasema korido nayo ni shuka, ila hii haikunjwi. Walicheka. Ila mpiga pasi ananiambia kwamba tangu siku ile Mama Hakitupwi hakupita tena njia ya wodi ya wazazi. Alizunguka nje, hata mvua ikinyesha. Hilo mimi liliniuma kuliko barua yenyewe.

Sasa sikilizeni yaliyotokea siku ya mazishi. Tanzia ilisomwa hapahapa redioni, na tulilitaja jina la utani. Msusi mmoja alikuwa saluni kwake, mikono iko kwenye kichwa cha mteja, akasikia: Mama Hakitupwi, aliyekuwa dobi wa hospitali. Akamwacha mteja na nusu ya nywele. Mteja huyo, kama unatusikiliza, pole, na asante kwa uvumilivu.

Msusi alifika msibani hamjui hata mtu mmoja. Alibeba kitambaa kimefuliwa na kukunjwa. Akamtafuta binti wa marehemu, akamwambia kwamba miaka kumi na sita iliyopita alijifungua hana kitu, na mama mmoja akampa hiki. Getini mlinzi alikitazama sana, na yeye msusi hakuelewa kwa nini. Mtoto wake yule alipokua, msusi akakumbuka aliyoambiwa, akampa mteja wake mjamzito. Yule akampa mwingine, kikazunguka hivyo mpaka kikamrudia msusi mwenyewe. Na kwa kuwa kitambaa kilikuwa na mshono mmoja mwekundu pembeni, wale kina mama walidhani ndiyo desturi yake. Kila mmoja kabla ya kukipitisha akaongeza mshono mmoja mwekundu, kwa ajili ya mtoto wake. Wasikilizaji wapendwa, kitambaa hicho ninacho hapa mbele yangu. Ukiacha ule uzi wa pembeni, nimehesabu mishono kumi na mmoja. Mishono kumi na mmoja, watoto kumi na mmoja. Mwingine umepinda, mwingine mrefu kama mtu alishona huku ananyonyesha. Uzi wa kitu kinachokwenda motoni, wao wameufanya uzi wa kupokelea watu.

Mama Hakitupwi hakukiona. Alikwenda kabla. Nimejaribu kutafuta namna nzuri ya kulisema hilo na sijaipata. Hakukiona, na inasikitisha.

Wiki iliyopita niliomba hewani: yeyote anayeijua barua ile ya onyo, ajitokeze. Nilitegemea kimya. Juzi alikuja mzee mwenye fimbo, akakaa mapokezi kuanzia asubuhi, hakutaka chai. Ni yule msimamizi wa stoo. Ndiye aliyeisaini barua.

Yupo hapa studio. Binti wa marehemu naye yupo. Nimewakalisha meza moja, na nakiri niliwaza mara mbili kabla ya kufanya hivyo. Mzee amekuja na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake. Ameomba niisome mimi, kwa sababu macho yake yamechoka. Inasema: "Mimi niliyesaini barua ile nathibitisha kwamba mama huyu hakuiba. Alichukua kilichokuwa kinakwenda motoni. Nilijua hivyo siku ile niliposaini. Niliogopa wakubwa zangu."

Narudia kwa faida ya aliyechelewa kufungua redio. Hakuiba. Mama Hakitupwi hakuiba, na aliyesema ameiba amesema leo kwamba hakuiba.

Binti ameichukua karatasi, ameikunja mara nne, ameitia kwenye mfuko wa ovaroli yake. Mzee amekivuta kile kitambaa karibu, anaipapasa mishono kwa kidole, mmoja mmoja. Sasa anaongea, nasogeza maikrofoni.

"Binti yangu, nina ombi, na ukikataa nitaelewa. Mjukuu wangu anatarajia mtoto mwezi ujao. Nguo anazo nyingi. Lakini hiki nilitaka kichomwe, na sasa nakiomba kimpokee kitukuu changu."

Mtayarishaji wangu ananionyesha saa kwenye kioo. Asubiri.

Binti anamwangalia mzee. Ameingiza mkono kwenye mkoba wake wa vifaa. Nilidhani anatafuta leso, kumbe ametoa sindano na kidonge cha uzi mwekundu. Vilikuwa vya mama yake.

"Chukua, mzee. Mshono wa mtoto mtautia akishazaliwa. Kwanza utie wa mama yangu."

Wapendwa, mkisikia kimya, redio yenu haijaharibika. Mzee anatunga uzi.

Wakati anajaribu, niseme haya. Kwa niaba ya wote hapa kituoni, natoa pole kwa binti, kwa shemeji, kwa mpiga pasi aliyebaki na pasi bila mwenzake, na kwa wajukuu. Poleni sana. Wahenga walisema wema hauozi. Nawaomba usiku wa leo kila mmoja ajiulize mambo mawili. Ndani ya nyumba yangu kuna kitu gani ninachokiita taka, ambacho mtu nisiyemjua angekipokea kwa mikono miwili? Na je, kuna mtu ambaye nilimwandikia neno baya, nikijua ni uongo, na bado yuko hai kunisikia nikilifuta? La pili ni gumu zaidi, najua. Lakini mzee huyu alichelewa mwezi mmoja tu. Mwezi mmoja.

Ameshindwa. Uzi hauingii. Binti amemnyang'anya sindano taratibu, ameulowesha uzi kwa ulimi, ameutunga mara moja, amemrudishia.

Sasa anashona.