Melania Ndeshi na Simu ya Tarehe 15 Juni

Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwetu Arlington, mke wangu alionja mtori niliompikia, akasema, Baba Carmel, hizi ndizi bado zina mabonge, akala vijiko vitatu, akalala, na saa tisa alasiri akafariki. Mimi Elirehema, mumewe, ndiye ninayewasomea historia yake.

Marehemu Melania Ndeshi alizaliwa tarehe 3 Machi 1979, Kibosho, Moshi, akasoma huko shule ya msingi na sekondari, akahitimu uuguzi mwaka 2001, tukafunga ndoa tarehe 24 Septemba 2005, na mwaka 2007 tukahamia Houston, ambako alianza upya kama msaidizi wa wauguzi hadi alipopata leseni mwaka 2012. Tulijaliwa mtoto mmoja, Carmel, aliyezaliwa tarehe 9 Oktoba 2008, mkimbiaji wa mita mia nane. Tulihamia Arlington mwaka 2014.

Saratani ya kongosho iligunduliwa Novemba 2024. Mwezi Machi mwaka huu kocha wa chuo kimoja cha Houston alimtazama Carmel akikimbia, akatusalimia, akaenda zake, kwa kuwa sheria za michezo ya vyuo hazimruhusu kocha kuzungumza na mwanariadha wala wazazi wake habari za kumsajili kabla ya tarehe 15 Juni, mtoto akishamaliza darasa la kumi. Melania alitamani kitu kimoja, kuisikia simu ya kocha siku hiyo kwa masikio yake. Mwezi Mei nilimpigia kocha kwa siri, nikamweleza hali ya mgonjwa, nikamwomba apige mapema, akanipa pole, akaomba radhi, akakata. Melania alipojua alisema kwamba zamani watoto wa miaka kumi na tatu waliahidiwa nafasi vyuoni na baadaye wakaachwa, sheria hiyo inawalinda, naye hataki ivunjwe kwa ajili yake, atasubiri. Alipungukiwa siku moja.

Nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa kazini waliogawana zamu zake, majirani zetu, na Watanzania wa Houston waliosafiri hadi hapa.

Asubuhi ya tarehe 15, saa tatu, simu iliita. Carmel alinikabidhi, nikaipokea mimi, nikakaa kwenye kiti changu kando ya kitanda chake, nikamsikiliza kocha hadi mwisho, kisha nikamuuliza swali ambalo Melania alikuwa ameniachia, kutoka bwenini hadi uwanjani mtoto atatembea kwa muda gani alfajiri.

Pumzika sasa, Mama Carmel, ni dakika nane.