Woga wa Shujaa Mlangoni

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya. Wazee wetu wenye ndevu nyeupe. Akina mama mliotupikia. Ndugu wageni waalikwa. Na wewe Mzee Jakshylyk, mghani wetu unayestaafu leo, ambaye tangu nisimame unanitazama kama farasi usiyekusudia kumnunua:

Nimeombwa nikuage kwa ufupi, na aliyeniomba ni wewe, ambaye utenzi wako huchukua siku kadhaa kabla shujaa hajaoa.

Ni nani hapa Tash-Bulak ambaye hakulelewa na shujaa huyo? Alizaliwa mbingu ikinguruma, wala hakuulizwa kama anautaka ushujaa. Kisha mjukuu wako Aizirek, yule aliyeketi karibu na jiko, akaleta nyumbani mashujaa wa vitabu vya siku hizi, vya mazimwi na falme zisizo kwenye ramani: yatima anaitwa aokoe dunia, naye anasema hapana.

"Anakataa?" ukamuuliza. "Sisi kijana wa namna hiyo tunampa kondoo achunge."

"Mwishowe anakubali, babu."

"Na farasi wake anakula lini? Kurasa zote hizi anakimbizwa tu!"

Na ni kweli. Shujaa wa kale humlisha farasi kwanza, na rafiki yake akifa hulia mbele ya jeshi zima. Wa leo huuma meno akaendelea na safari. Lakini wa leo ana kitu ambacho hatukuwahi kukisikia kwa yule wa kale, mpaka msimu wa baridi uliopita, kwenye matanga ya Esenkul, mchunga farasi aliyetoka kutafuta kundi lake katika theluji asirudi hai.

Mzee wetu huyu alikuwa akighani. Sauti ikamkauka alipofika pale shujaa anapojiandaa kwa vita vya mwisho, na Aizirek akaudaka utenzi. Akamlisha farasi kama alivyofundishwa, kisha akamsimamisha shujaa mlangoni, mkono kwenye tandiko, anatetemeka. Wazee mlikohoa, nilikuwepo, msikatae. Mjane wa Esenkul, aliyekuwa hajatoa chozi tangu mazishi, akasema, "Hivyohivyo. Alisimama hivyohivyo." Akalia.

Tulipotoka nje mzee alimfokea mjukuu wake: "Umemtia woga shujaa wangu!"

"Sikumtia, babu. Alikuwa nao. Wewe ulikuwa unampitisha mbio."

Kwetu mghani hashiki nafasi bila dua ya aliyemtangulia, na mzee amekataa kuitoa, kwa kuwa binti hajaota ndoto. Mashujaa hawajamjia usingizini wakamwamuru aghani. Akiondoka leo bila kuifungua mikono yake kwa dua, utenzi wetu unakomea chumbani humu, nasi tutabaki na nyama ya kondoo.

Mzee wangu, nauliza kwa adabu: ndoto ni nini, kama si kumwona shujaa mahali ambapo sisi wengine hatukumwona? Wako aliitika wito bila kuogopa. Huyu mjukuu wako ameitika huku anaogopa. Ukibisha, vitazame vidole vyake sasa hivi. Nani kati yao amebeba mzigo mzito zaidi?

Sikuombi maneno, maana ukianza tutafika mavuno. Nakuomba viganja tu.

Subirini. Mheshimiwa, weka kikombe chini, tafadhali.

Vimefunguka. Aizirek, mwanangu, njoo upige magoti. Na ninyi nyote fungueni mikono kama yake, mngoje amina. Asanteni kwa kunisikiliza. Sasa msikilizeni yeye.