Dishon Thoya Jefwa, Mwenyeji wa Machimboni

Mchungaji, wazee mliotoka Mwakirunge, majirani wa Mjambere na Mtopanga, ndugu zetu Waislamu mliovuka feri kutoka Likoni tangu alfajiri, wakubwa na wadogo wa bandarini, wenye kustahili shikamoo tunawaamkia na wengine wote tunawakaribisha, familia imeamua historia hii isomwe na kitinda mimba, si kwa kuwa amesoma kuwashinda wenzake, maana darasa la sita alilikimbia akiwa mzima wa afya, bali kwa kuwa ana sauti, na marehemu hakuwa mtu wa kusomewa kwa kunong'ona.

Marehemu Dishon Thoya Jefwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1938, Mwakirunge, akiwa mtoto wa tatu wa hayati Mzee Jefwa Thoya na hayati Mama Kafedha, ambao walimpa jina la babu yake, na walioujua ukaidi wa babu wanasema jina halikupotea njia. Mwaka 1947 aliingia shule ya misheni hukohuko kijijini, akasoma hadi darasa la nne, akatoka mwaka 1951 karo ilipokosekana, na mwalimu wake alimuaga kwa kusema kwamba kijana ana akili ila ana ubishi, nayo familia inathibitisha mbele yenu kwamba huo ubishi aliuendeleza mwenyewe mpaka kiwango cha chuo kikuu.

Mwezi Juni 1958 aliajiriwa kuli bandarini Kilindini, akapanda hadi kuwa dereva wa winchi mwaka 1966, akapanga chumba Changamwe, na huko Changamwe ndiko alikokutana na mambo mawili yaliyomtawala maisha yake yote, mke na kriketi, na ni yeye mwenyewe aliyekuwa akikataa kusema lipi lilitangulia, kwa usalama wake. Mke alikuwa Bi Milcah Nafula, binti wa Bungoma aliyekuja kumtembelea kaka yake kwa wiki mbili na hajarudi mpaka leo, wakafunga ndoa tarehe 6 Desemba 1969, na wazee waliponung'unika kwamba Mgiriama na Mbukusu watasalimiana kwa lugha gani, marehemu aliwajibu kwamba wao hawasalimiani, wanagombana, na ugomvi hauhitaji mkalimani. Ndoa hiyo ilijaliwa watoto watano, wa kwanza Jefwa na wa mwisho huyu anayewasomea, pamoja na wajukuu saba, mmoja wao akiwa ndiye anayewapigia kelele hapo mbele, na mwacheni, ameurithi ukoo.

Ama kriketi, aliianza kwa kuokota mipira Jumapili kwenye klabu moja ya makarani karibu na chumba chake, ujira ukiwa soda, na siku alipoomba ashike beti, gongo lao la kupigia, apige mpira mmoja tu aliambiwa kwamba beti si jembe, maneno aliyoyameza pamoja na soda yake akaenda zake. Alipohamia Mjambere mwaka 1979 alinunua kishamba pembezoni mwa machimbo yaliyoachwa, yale yaliyochimbwa mawe ya kujengea majumba ya watu wengine, likabaki shimo pana lenye kuta za mawe pande tatu na mteremko mmoja wa kuingilia, watu wakitupa taka na mbuzi wakifia humo. Mwaka 1981, yeye na rafiki yake Rashid Boga wa Likoni, baharia mstaafu aliyejifunza kriketi na Kiingereza katika bandari ambazo hata majina yake hatuyawezi, waliwakusanya vijana wa viwandani na wa bandarini, wakasomba taka, wakafukia mashimo kwa kifusi, wakajaza saruji pipa la mafuta likawa gurudumu la kusawazishia ardhi, wakatandika mkeka wa makumbi katikati ili mpira udunde sawa, na beti ya kwanza ikachongwa na fundi wa vitanda. Ndiyo timu ya Machimboni, iliyopigwa na kila klabu ya kisiwani kwa miaka minne mfululizo, kisha mwaka wa tano ikaanza kupiga, na ile klabu ya makarani tuliwakaribisha mwaka 1987, tukawatoa wote kabla ya chakula cha mchana, marehemu akawanunulia soda.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo kila mtu hapa analisimulia kwa namna yake, na leo litasimuliwa sawasawa. Mwaka 1994 timu mbili za taifa kutoka ng'ambo zilikuwa zipambane, moja ikiwa mwenyeji na nyingine mgeni, lakini kwa yule mwenyeji kulikuwa na vita na mabomu, yule mgeni akagoma kwenda, kwa hiyo ziara nzima ikahamishwa na kuletwa Mombasa, kwenye viwanja visivyoegemea upande wowote. Mechi ya ufunguzi kamati ya ziara iliipangia Machimboni, si kwa kutupenda, bali kwa sababu shimo lenye kuta tatu na mlango mmoja askari hulilinda kwa urahisi. Akaja bwana mmoja mratibu, mwenye tai katika joto la Januari, akaagiza kibao cha timu king'olewe, akaagiza vijana wa Mjambere wasikanyage humo hadi wageni waondoke, na marehemu alipouliza kwa nini, akajibiwa hivi, "Mzee, mechi imeletwa hapa kwa sababu hapa si kwa hawa wala si kwa wale, hiki ni kiwanja kisicho na mwenyewe."

Maneno hayo marehemu hakuyameza. Mnaijua miaka hiyo, mnajua jinsi kila kipande cha ardhi kilichotamkwa kwamba hakina mwenyewe kilivyoamka asubuhi kikiwa na ukuta na hati, na marehemu aliona wazi kwamba tukiondoka kwa amri hiyo, hata kwa wiki moja, hatutarudi tena, kwa hiyo Jumamosi tarehe 22 Januari 1994, kabla basi la wageni halijafika, alilisukuma lile gurudumu la saruji akalilaza katikati ya mteremko, akalikalia, na mratibu alipokuja mbio alimkuta amekunja nne.

Mratibu alimuuliza anataka nini, marehemu akasema anataka wapige hodi. Mratibu akacheka, akasema, "Hodi ya wapi, Mzee, mbona hapa hapana mlango?" naye marehemu akamjibu, "Mlango ndio mimi hapa umenikalisha juani, bisha." Akatishiwa askari, akasema askari nao wabishe hodi. Akatishiwa kwamba mkubwa wake wa bandarini atapigiwa simu na kazi itamtoka ilhali amebakiza miaka mitatu apate kiinua mgongo, na hapo ndipo Mama yetu Milcah, aliyekuwa akisikiliza pale juu ukingoni, aliposhuka kwa hasira akasema, "Dishon, kazi ikikutoka watoto utawalisha makumbi?" marehemu akamwambia, "Milcah, nikiinuka hapa, kesho watakwambia hata jiko lako halina mwenyewe." Mama akapanda kwake, watu wakadhani amekasirika moja kwa moja, kumbe alirudi na birika la chai na mahamri, akamwambia, "Sogea," akakaa naye juu ya gurudumu.

Basi likafika, likasimama, likazimwa, na kutoka ndani akashuka kapteni wa ile timu iliyokimbia mabomu ya kwao, akauliza kuna nini, mratibu akaanza kumwambia ni mlevi mmoja tu, lakini Mzee Rashid akaingilia kwa Kiingereza chake cha melini, akaeleza kwamba huyu ndiye mwenyeji, na kwamba hapa kwetu mtu haingii kwa mtu bila hodi, hupiga mara tatu, na ya tatu ikipita kimya hugeuza njia akarudi alikotoka, bila kinyongo. Kapteni alilitazama lile shimo, akasema neno ambalo Mzee Rashid alilitafsiri kwa sauti watu wote wakasikia, kwamba kiwanja alichozaliwa karibu nacho sasa wamepiga kambi wanajeshi, na hakuna aliyempigia mtu hodi. Akavua kofia, akasema, "Hodi."

Marehemu kimya. Kapteni akarudia, "Hodi," marehemu bado kimya, anakunywa chai, na Mzee Rashid akamkaribia akasema, "Wallahi Dishon, usinitie aibu, imebaki moja, isipojibiwa mgeni anaondoka na ada ni yetu wenyewe, utamlaumu nani?" Lakini waliokuwa karibu waliona kwamba marehemu hamtazami kapteni, ambaye adabu yake ilikwisha onekana, anamtazama mwenye tai, na kapteni naye akafahamu, akageuka akamtazama huyohuyo, na basi zima la wachezaji likatoa vichwa madirishani likamtazama, na Mjambere nzima iliyojipanga juu ya kuta ikamtazama, hata mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka juu, "Baba, neno lenyewe fupi hilo!" watu wakaangua kicheko. Mratibu alilegeza tai. Akasema, "Hodi," kwa uso wa mtu anayemeza kwinini, na marehemu akasimama, akajibu kwa sauti iliyofika Mtopanga, "Karibuni, karibuni nyumbani kwa watu wa Machimboni," akaliviringisha gurudumu pembeni kwa mikono yake, kibao kikarudishwa, na vijana wake wakakaa mstari wa mbele siku nzima. Nani alishinda mechi hiyo? Hapa Mjambere hakuna anayekumbuka.

Simu ilipigwa kweli, marehemu akasimamishwa kazi mwezi mzima bila mshahara, Mama akatulisha kwa mahamri ya kuuza, na marehemu hakuomba radhi kwa mtu, akarudi kwenye winchi yake, akastaafu tarehe 31 Machi 1997, kiinua mgongo akakipata chote.

Sukari ilimwanza mwezi Agosti mwaka huohuo, mwaka 1998 ikamnyang'anya mguu wa kushoto chini ya goti, na alipokuwa bado anajifunza kutembea kwa magongo, walikuja watu wakachomeka vigingi Machimboni wakisema wametumwa kupima, marehemu akashushwa kwa mkokoteni akaving'oa kimoja kimoja, akavifanya kuni za chai. Alilazwa hospitalini tarehe 2 Mei 1999, akaaga dunia Jumapili tarehe 9 Mei, saa kumi na moja alfajiri, Mama akiwa amemshika mkono na wakibishana kuhusu mto wa kulalia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, maana mgonjwa huyu alikuwa akiwafundisha kazi yao, majirani mliopika na kukesha, wafanyakazi wenzake wa bandarini mliotoa jeneza, Mzee Rashid na jamaa wa Likoni mliochimba kaburi kwenye mwamba bila kupumzika, na hata mabwana wawili wenye miwani ya jua mliosimama pale nyuma, ambao hatukuwaalika ila tunawajua, na ambao mmeonekana wiki hii nzima mkipitapita kwenye mteremko.

Wazee wa Mwakirunge mmeuliza kwa uchungu, na ni haki yenu, kwa nini Thoya asilazwe kwa baba zake, na hili ndilo jibu la familia. Kishamba hiki ni chake kwa hati, nalo kaburi liko palepale ukingoni, juu ya mteremko wa kuingilia Machimboni, na pwani hii kila mtu anajua kwamba kigingi huweza kung'olewa, ukuta huweza kubomolewa, hati huweza kuandikwa upya, lakini kaburi la mtu halihamishwi na watu wake wakatazama tu. Hakuomba tumzike hapa, tumeamua sisi, wanawe na timu yake, na Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi tutakuwa chini pale kwenye mkeka tunacheza, mwenye neno aje aliseme mbele yake. Pumzika kwa amani, Baba, pumzika kwako.