Salamu za Jumapili za Bi Mzima

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Sauti yangu leo si ya kuchangamsha, mtanivumilia. Tunamkumbuka mpishi wa shule ya msingi, mama wa watoto wawili, bibi wa mjukuu mmoja. Mtaani walimwita Bi Mzima. Ametutoka akiwa na miaka sitini na minane. Na mimi mtangazaji wenu nina kosa langu katika habari hii. Nitalisema.

Kwa nini Bi Mzima? Kwa sababu ukimuuliza hali, jibu lilikuwa hilo hilo: "Mzima! Mzima kabisa!" Siku moja sufuria la uji lilimmwagikia mguuni. Wapishi wenzake wakapiga mayowe. Yeye akachechemea hadi kwenye ndoo ya maji, akatumbukiza mguu, akasema, "Mnalia nini? Kilichoharibika ni uji. Mimi mzima."

Alipika shuleni hapo miaka ishirini na miwili. Mumewe alifariki mapema. Mwanawe wa kiume, fundi bomba, alibaki naye nyumbani. Binti yake aliondoka miaka kumi na mitatu iliyopita. Alikwenda nchi ya mbali, kusafisha vyumba na kutandika vitanda hotelini. Alimwachia mama yake mtoto wa miaka minne. Mtoto huyo, mjukuu wa Bi Mzima, sasa ana miaka kumi na saba.

Tuseme haki. Binti hakuwasahau. Nyumba ya udongo sasa ni ya matofali. Mjukuu anasoma. Uani kuna bomba, na majirani wanachota. Viongozi wakija na wageni wao huwapeleka pale, wanalionyesha, wanasema haya ndiyo maendeleo yanayoletwa na walio nje. Ni kweli, maji yanatoka. Lakini miaka kumi na mitatu yule binti hakurudi hata mara moja. Hakuwa na karatasi za ukaazi. Akitoka kule, haruhusiwi kuingia tena. Baada ya kusubiri sana, aliitwa kwenye mahojiano ya kupewa karatasi hizo. Aliitwa siku ya Alhamisi. Ishikeni hiyo Alhamisi.

Huku nyuma Bi Mzima akaugua ini. Daktari hakumficha. Alipotoka kwa daktari akamkanya kila mtu nyumbani. "Huko asisikie. Akisikia atapanda ndege, na miaka yake yote itakuwa kazi bure. Nataka aje na karatasi mkononi, aje na kuondoka atakavyo." Hilo tu ndilo alilolitaka, wasikilizaji. Binti apate karatasi, kisha aje amwone mama yake.

Kila Jumapili alikuwa akimtumia binti salamu za sauti kwenye simu. Ikafika mahali sauti inakatika. Binti akipiga, anaambiwa bibi amelala. Basi asubuhi moja, pumzi ikiwa bado ipo, Bi Mzima akamwita mjukuu. Mjukuu mwenyewe amenisimulia: "Alirekodi salamu kumi na moja mfululizo, za Jumapili kumi na moja. Moja ya kuku wa jirani. Moja ya kumsema mjomba. Moja ya mvua. Akanionya, 'Hii ya mvua usiitume kukiwa na jua, utaniumbua.' Tulicheka mpaka akaanza kukohoa."

Alifariki siku ya Ijumaa. Tukamzika Jumamosi. Zilibaki siku tano kufika ile Alhamisi. Fundi bomba akawaambia ndugu, "Tumfiche dada siku hizi chache tu. Ndivyo mama alivyotaka." Hakuna aliyepinga. Jumapili mjukuu akatuma salamu, kama alivyoagizwa na bibi yake.

Jumatatu wapishi wenzake wakaja hapa studio. Hawakuijua siri. Walileta tangazo la kuwashukuru waliofika mazikoni. Nami, hodari wa kusoma, nikasoma. Jina lake kamili, jina la shule, siku aliyozikwa. Sikuipigia familia simu kuuliza. Nilikuwa na matangazo ishirini mezani, nikalisoma kama mengine.

Kumbe huko mbali binti husikiliza redio yetu kwenye simu akiwa kazini. Simu ya studio ikalia.

"Kaka, rudia hilo tangazo."

Nikarudia. Mjinga mimi, nikarudia!

"Hapana, mmekosea mtu," akasema. "Jana tu mama kaniambia amekula, ameshiba."

Jamani. Nikamwambia ampigie kaka yake.

Alhamisi ikafika. Hakwenda kwenye mahojiano. Kaka yake alipomuuliza, alijibu kwamba miguu ilikataa kuinuka. Kile Bi Mzima alichokifichia ugonjwa wake, kile alichotaka kabla hajafa, kimepotea. Na mdomo uliokipoteza ni huu mnaousikia.

Zimebaki salamu nne ambazo hazijatumwa. Mjukuu ananiambia, "Mama ameomba nimtumie zote. Nimekataa. Nimemwambia aje azisikilize hapa, nimekaa pembeni yake. Mimi sijui hata mama yangu akilia anakuwaje." Mpaka naingia studio leo, mama huyo alikuwa hajajibu.

Kwa fundi bomba, kwa mjukuu, kwa wapishi wa ile shule, poleni sana. Mungu awape subira. Na ninyi wenye ndugu mbali, na ninyi mlio mbali, tunadanganyana kwa mapenzi, tunazikana bila kuagana. Leo mkipigiana, mtu akisema ni mzima, msikate simu. Mmuulize tena.

Na wewe dada, ikiwa unanisikia na shuka la mgeni liko mkononi, nilipaswa kuwapigia simu watu wa kwenu kwanza. Nisamehe. Liache hilo shuka. Keti hapo hapo kitandani, umlilie mama yako.