Kiti cha Kushoto cha Kapteni Bethwel

Wachungaji wetu, wazee, majirani wa Rongai, nanyi mliotoka Free Area, Mai Mahiu na Nairobi, pamoja na nyinyi marubani mliokaa kwenye hema mbili kama timu mbili za mpira, poleni na karibuni. Mimi ni Jepleting, dada mkubwa wa marehemu, nauza nafaka pale Bondeni, na familia imeniteua nisome historia yake, ingawa mchungaji ameniomba nisitoke nje ya karatasi, nami nimemwambia nitajaribu.

Marehemu Kapteni Bethwel Kiplangat Chesang alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 hapa Rongai, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Kipkemboi Chesang na marehemu mama Chepkurui, katika shamba ambalo wakati huo lilikuwa bado la mzungu, baba akiwa dereva wa trekta, kabla wafanyakazi hawajaungana wakalinunua. Alikuwa mtoto mpole mwenye kichwa kigumu, ukimfukuza jikoni alitoka bila kelele, lakini alitoka na kiazi.

Alianza shule ya msingi hapa nyumbani mwaka wa 1971, akajiunga na sekondari mjini Nakuru mwaka wa 1978, na kumaliza kidato cha sita mwaka wa 1983. Wakati wa likizo alishika bendera kwenye mashamba ya ngano, ili ndege ya kunyunyizia dawa ijue pa kupita, akarudi jioni ananuka dawa mwili mzima na kutangaza kwamba siku moja atakaa kule juu, naye mama akamjibu aoge kwanza. Mwaka wa 1985 baba aliuza ng'ombe wa kulima, kanisa likafanya harambee, wengi wenu mlichanga, na Bethwel akaenda Nairobi kusomea urubani.

Tarehe 1 Agosti 1988 aliajiriwa na shirika la Tausi Air, akaanzia kiti cha kulia, ambacho ni cha rubani msaidizi, akavumilia mvua, vumbi na viwanja vyenye mbuzi, hadi tarehe 3 Aprili 1995 alipohamia kiti cha kushoto, ambacho ndicho cha kapteni. Alifundisha vijana wengi, mmoja wao akiwa Kapteni Gathogo, aliyefika Tausi mwaka wa 2004 hajui hata kufunga tai, na mwaka wa 2010 akahamia shirika kubwa la Upeo Airways kwa baraka za mwalimu wake.

Tarehe 12 Disemba 1992 marehemu alifunga ndoa na Wangu, binti wa mzee Ephantus wa Mai Mahiu, wakajenga Free Area, Nakuru, na kujaliwa mabinti wawili, Abby mwaka wa 1994 na Natalie mwaka wa 1998. Sasa jameni, mtu huyu aliweza kutua Lodwar upepo ukivuma, lakini kurudisha gari nyuma kwenye lango lake mwenyewe kulimshinda, lile Peugeot lina alama za kila jaribio, wakati Wangu alifundishwa na ndugu zake kwa lori la mchanga. Kwa hivyo Wangu ndiye aliyeendesha, naye Bethwel akakaa kando yake mbele kushoto, akisema hakuna ubaya, ndege au gari, kapteni ni wa kushoto, na miaka yote hiyo hakuna mtu mwingine aliyethubutu kukalia kiti hicho, hata mimi niliyembeba mgongoni.

Mwaka wa 2016 Tausi Air iliunganishwa na Upeo Airways, na hapo ndipo shida ilipoingia. Kwa marubani, siku uliyoajiriwa ndiyo inayoamua nani anakuwa kapteni, nani analipwa nini na nani anafanya kazi Krismasi, ndiyo wanaita sinioriti, na wale wa Upeo wakashikilia kwamba watu wa Tausi wahesabiwe kuanzia siku ya muungano, kana kwamba walizaliwa jana. Ndugu yangu, baada ya miaka ishirini na minane, akarudishwa kiti cha kulia, mshahara ukapunguzwa, na safari yake ya kwanza akapangwa chini ya Gathogo.

Nilikasirika, sifichi, niliapa Gathogo hatakunywa chai kwangu. Lakini wiki hii kwenye matanga Gathogo mwenyewe ametusimulia kwamba asubuhi ile alitangulia kuingia kwenye ndege, na kwa mazoea ya kuwa mwanafunzi akaketi kulia, akafunga mkanda, na Bethwel akasimama mlangoni akimtazama.

Akamwambia, "Gathogo, hama. Hicho ni changu sasa, na abiria wanangoja."

Akahama, wakaruka hadi Kisumu, na marehemu akamwita kapteni safari nzima bila kejeli. Vijana wa Tausi walitaka kugoma, yeye akiwa mwenyekiti wao akakataa, akasema kesi itapiganwa na wanasheria na ndege zitarushwa na marubani. Lakini nyumbani, kuanzia siku hiyo, alipofika kwenye Peugeot alifungua mlango wa nyuma. Majirani walimtania kwamba amekuwa mheshimiwa, naye akacheka nao, Wangu peke yake alijua sababu, akaendesha karibu miaka saba na kiti kitupu kando yake.

Mwaka wa 2021 Gathogo alisimama mbele ya baraza la usuluhishi, akaeleza kwamba aliyemfundisha kazi hawezi kuwa mdogo wake kazini, akijua wazi kwamba haki ikitendeka yeye mwenyewe atashuka, na wenzake wa Upeo wakaacha kumsalimia. Tangu nisikie hayo, amekunywa chai yangu mpaka sukari imeisha.

Novemba 2022 marehemu alipatikana na saratani ya tumbo, na ruhusa yake ya kuruka ikasimamishwa. Tarehe 9 Juni 2023, akiwa amelazwa hospitalini Nakuru, uamuzi ukatoka, miaka yote ya Tausi ihesabiwe, Bethwel Chesang ni kapteni, wakati hawezi tena kuruka. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na yeye tumbo lilikuwa limeshaumia. Siku aliyoruhusiwa kwenda nyumbani, muuguzi alimfungulia mlango wa nyuma ili apate kulala, naye akajishikilia kwenye gari, akazunguka polepole.

"Hapana, sista," akasema. "Changu ni kile cha mbele, kushoto."

Wangu alilia hadi Free Area, na ndiyo mara ya pekee tunayojua aligonga lango.

Alitutoka nyumbani kwake Jumapili tarehe 2 Februari 2025, saa nane mchana, mkono wake ukiwa mikononi mwa Wangu. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Free Area waliopika na kukesha nasi, kanisa, na wenzake kazini wa hema zote mbili, ya Tausi na ya Upeo, ambao baada ya mazishi wataketi pamoja kula, kwa sababu mimi ndiye ninayepakua.

Leo asubuhi tulipotoka mochari wengi walijitolea kuendesha Peugeot nyuma ya gari la maiti, Wangu akakataa, akaendesha mwenyewe, na Kapteni Gathogo alipoambiwa aingie mbele, alifungua mlango wa nyuma akaketi huko. Mbele kushoto kulikuwa na kofia yako tu, Bethwel. Pumzika kwa amani, Kapteni, kiti chako hakuna aliyekikalia.